Betri Nayo Haitaki Kushiba Kila Siku

Dada zangu, laptopu yenye oda na vipimo vya mabiharusi isikae kwenye chaji kutwa kucha. Betri ya lithiamu huchakaa upesi ikibaki asilimia 100 muda mrefu, na joto letu la kaskazi huzidisha. Laptopu nyingi sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Uwasheni.

Mtasema, "Na umeme ukikatika?" Kweli, Unguja ilikaa gizani miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Basi jazeni 100 mkijua umeme utakatwa au mna kazi nje, si kila siku. Betri mpya ni pesa ya vitambaa. Chombo kinachokupa riziki, kitunze.