Picha za ubongo na kitendawili cha unyogovu usiosikia dawa

MGONJWA wa unyogovu akimeza dawa kwa wiki sita bila kupata nafuu, daktari humbadilishia. Ya pili ikishindwa, huandikiwa ya tatu, pengine na kuongezewa nyingine juu yake. Hivyo ndivyo maradhi haya yanavyotibiwa hata katika hospitali tajiri zaidi duniani: kwa kubahatisha, japo kwa uangalifu. Daktari wa kisukari ana kipimo cha damu na wa moyo ana mitambo yake. Daktari wa akili hana budi kutegemea maelezo ya mgonjwa na macho yake mwenyewe.

Unyogovu, ambao si huzuni ya msiba wala uchovu wa kazi, huhesabiwa kuwa sugu pale dawa mbili tofauti, zilizotumiwa kwa kiasi na muda ufaao, zinapokosa kumsaidia mgonjwa. Walio katika hali hiyo si wachache. Utafiti wa STAR*D uliofanywa Marekani, na ambao matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2006, ulihusisha wagonjwa wapatao 4,000. Takribani thuluthi moja tu ndio waliopona kwa dawa ya kwanza. Baada ya hatua nne za matibabu, karibu thuluthi moja walikuwa bado wanaugua, na wapo watafiti waliodai baadaye kwamba hata hesabu hiyo ilipambwa.

Ni katika mkwamo huu ambapo picha za ubongo zilianza kutiliwa maanani. Mtambo wa PET huonyesha ni sehemu zipi za ubongo zinazopokea damu au kutumia sukari kwa wingi. Katika miaka ya 1990, Dkt Helen Mayberg, mtaalamu wa maradhi ya ubongo, aliona jambo lililojirudia katika picha hizo. Watu wenye afya walipoombwa kukumbuka tukio la huzuni, kijisehemu kilicho ndani, nyuma ya paji la uso, kilichangamka. Kwa wagonjwa wa unyogovu waliopata nafuu, kijisehemu hicho hicho kilitulia. Wanasayansi hukiita eneo la 25.

Swali lililofuata lilihitaji ujasiri. Je, eneo hilo likitulizwa kwa nguvu, ugonjwa nao utatulia? Jijini Toronto, Canada, Mayberg akishirikiana na daktari wa upasuaji Andres Lozano, wagonjwa sita ambao dawa, tiba ya mazungumzo na hata mshtuko wa umeme havikuwa vimewafaa walitiwa nyaya nyembamba ubongoni, zilizounganishwa na betri iliyofichwa chini ya ngozi. Ripoti ya 2005 ilieleza kwamba wanne kati yao walikuwa na nafuu kubwa miezi sita baadaye.

Habari hizo zilienea upesi, pengine upesi mno. Kampuni moja ya vifaa vya tiba iligharimia jaribio kubwa lililohusisha wagonjwa 90. Wote walifanyiwa upasuaji, lakini theluthi moja hawakuwashiwa umeme kwa miezi sita ya kwanza, nao hawakuambiwa. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalivunja moyo: waliopata nafuu miongoni mwa waliowashiwa walikuwa asilimia 20, na miongoni mwa wasiowashiwa asilimia 17. Tofauti hiyo si kitu. Uandikishaji wa wagonjwa ulikuwa umesimamishwa mapema.

Hata hivyo, wagonjwa hao walipofuatiliwa kwa miaka miwili huku umeme ukiwaka, karibu nusu yao walipata nafuu. Kundi la Mayberg lilirejea kwenye picha. Mtambo wa MRI ulionyesha kwamba kilichohitaji kulengwa si eneo la 25 peke yake, bali makutano ya njia nne za neva zinazopita hapo. Mwaka wa 2018 waliripoti kwamba kati ya wagonjwa 11 waliotiwa nyaya kwa kufuata ramani hiyo, wanane walipata nafuu katika miezi sita na tisa katika mwaka mmoja. Ni idadi ndogo, tena bila kundi la kulinganisha, na aliyeona yaliyopata jaribio la wagonjwa 90 ana haki ya kusita.

Kusita huko kuna sababu nyingine. Mwaka wa 2009, watafiti wa Marekani walimweka samaki aliyekufa ndani ya MRI, wakamwonyesha picha za watu na kumuuliza watu hao walihisi vipi. Kwa hesabu zisizorekebishwa, ubongo wa samaki ulionekana "kufikiri". Lilikuwa onyo kwamba rangi nyekundu kwenye picha ni zao la hesabu, si picha ya fikira yenyewe. Licha ya hayo, zipo kliniki za kibinafsi Marekani zinazouza picha za ubongo kwa watu waliokata tamaa kana kwamba ni kipimo kamili. Hadi leo hakuna picha inayotumiwa kama kipimo cha kawaida cha kuthibitisha unyogovu au kuchagua dawa yake.

Kwa msomaji wa Kenya, mjadala huu unaweza kuonekana wa mbali. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba zaidi ya asilimia 75 ya wenye matatizo ya akili katika nchi za kipato cha chini na cha wastani hawapati tiba yoyote. Anayekosa dawa ya kwanza hawezi hata kujua kama ugonjwa wake ni sugu.

Huko maabara, kazi inaendelea. Mwaka wa 2023, Mayberg na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 10 waliotiwa vifaa vinavyotuliza ubongo na pia kunasa mawimbi yake. Tisa walipata nafuu. Mgonjwa mmoja alirudiwa na ugonjwa baada ya miezi minne ya utulivu, na rekodi zilipokaguliwa, mawimbi yalikuwa yamebadilika wiki kadhaa kabla ya yeye au daktari wake kutambua lolote.