Mgeni Kapona, Mwenyeji Je?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika milima ya Usambara methali hiyo ilipinduliwa. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau liotalo kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland alilibatiza Saintpaulia, nalo likaenea madirishani Ulaya na Marekani kwa jina la mtawala. Mwaka 2015 wanasayansi walilihamishia jenasi ya Streptocarpus. Bwana alisogezwa, mwenyeji hakuitwa.

Ua ni pambo, dawa ni uhai. Mghanga, kama Washambaa wamwitavyo mganga, ndiye ajuaye gome la kuchemsha na jani la kuponda. Vitabuni hutajwa kwa maneno mawili tu: wenyeji huutumia. Wenyeji gani? Kwa maradhi gani, kwa kipimo gani? Mtafiti ana jina, maabara ina jina, mti una jina la Kilatini. Mwenye elimu ndiye asiye nalo.

Wapo wasemao kuwa mganga ni mchoyo wa siri, na uganga ni ramli na utapeli. Matapeli wapo, na dawa isiyo kipimo huua. Lakini hoja hiyo yadai upimaji, haidai dharau. Na siri ndiyo kufuli pekee ya mtu asiye na hati.

Watu wa Pwani waujue vyema mkasa wa mwarobaini, mti uliowafikia kutoka Bara Hindi. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kuzuia kuvu mimeani kwa mafuta ya mti huo. Wapinzani, Vandana Shiva miongoni mwao, walionyesha kuwa Wahindi walikwisha kuyatumia zamani. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Ushahidi ndio ulioshinda, wala si malalamiko.

Lushoto itasimama na ushahidi upi? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa kusajili waganga na dawa zao. Ni heri, ila haitoshi. Jina la kila mti liandikwe kwa Kishambaa kwanza, kisha Kiswahili, kisha Kilatini. Kando yake liwekwe jina la mganga aliyefundisha, kwa ridhaa yake, pamoja na fungu lake la faida. Kazi hiyo ifanywe wazee wangali hai, kwani mti hauwezi kueleza unatibu nini.