Diwani na Aduana: Hatari ya Maneno ya Fedha Yanayofanana



Sisi tupendao mashairi tunalijua vyema neno diwani. Ni kitabu kinachokusanya tungo za mshairi. Neno hili lilitoka Uajemi, likapitia Uarabuni, na maana yake ya zamani ilikuwa daftari la kuorodheshea mambo ya serikali. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba neno hilohilo lilifika Hispania pamoja na Waarabu walioingia huko mwaka 711, likageuka kuwa “aduana”, yaani forodha. Basi daftari moja limezaa watoto wawili: kwetu kitabu cha mashairi, kwa Wahispania jumba la kutozea ushuru.

Jingine ni taarifa. Kwetu ni habari inayotolewa. Kwa Wahispania Mwarabu yuleyule aliacha “tarifa”, orodha ya bei au viwango vya malipo. Waingereza walilipata kwa njia ya Kiitalia wakalifanya “tariff”, ambalo siku hizi ni hasa ushuru wa bidhaa ziingiazo nchini. Mtu akikisia kuwa “tariff” ni taarifa, atakuwa amepatia ukoo na kukosea maana. Katika ushairi kosa la namna hiyo huchekesha. Katika fedha hulipiwa.

Miaka michache iliyopita nilimfahamu kijana mmoja mhasibu kutoka Colombia, aliyekuja mjini kwetu kushika vitabu vya hesabu vya shirika la kidini. Alitaka nimfundishe Kiswahili cha sokoni na kumsahihishia Kiingereza cha ripoti zake. Siku ya kwanza aliniambia, “Mwalimu, Kiingereza cha maongezi kinanitoa jasho, lakini cha fedha hakinitishi. Nusu ya maneno ni ya kwetu.” Akayahesabu kwa vidole: “crédito” ni “credit”, “inflación” ni “inflation”, “capital” ni “capital”. Nikamjibu, “Mwanangu, hiyo nusu unayoijua ndiyo itakayokuumiza.”

Wako wanaoamini, na nimewasikia hata walimu, kwamba msemaji wa Kihispania anao mteremko katika msamiati wa Kiingereza wa uchumi kwa kuwa lugha zote mbili zimechota katika kisima cha Kilatini. Mimi naona kinyume chake. Neno geni kabisa humsimamisha msomaji. Atafungua kamusi, atauliza. Neno linalofanana na lake humpitisha moja kwa moja, naye hajui kwamba ameshapotea.

Tazama neno “renta”. Kule Colombia “declaración de renta” ni fomu ya kutangaza mapato ili mtu atozwe kodi. “Renta” ni mapato. Kwa Mwingereza “rent” ni malipo ya pango la nyumba. Mhasibu wangu aliandika katika rasimu yake maneno yenye maana ya “kodi juu ya pango”, ilhali shirika lake halikuwa limepangisha hata banda la kuku. Nilipotaka kumweleza kosa hilo kwa Kiswahili nikajikuta nami nimekwama, maana sisi tunasema kodi ya mapato na kodi ya nyumba: serikali hutoza kodi na mwenye nyumba hudai kodi. Lugha tatu, na kila moja imekata kitambaa mahali pake.

Tazama pia “utilidad”. Katika hesabu za Amerika ya Kusini “utilidad neta” ni faida halisi, ile inayobaki baada ya gharama zote kuondolewa. Kwa Mwingereza “utilities” ni huduma kama maji na umeme, na bili zake. Yaani neno lililo upande wa pato kwa mmoja limekaa upande wa matumizi kwa mwingine. Msomaji wa ripoti aliye mbali, asiyemjua mwandishi, atashangaa jinsi shirika dogo linavyotumia umeme mwingi! Na huko Hispania kwenyewe hupenda kusema “beneficio” kwa maana ya faida ya biashara, ilhali “benefit” ya Mwingereza ni manufaa kwa jumla, au mafao anayolipwa mtu. Kiswahili chetu hapa kinakubaliana zaidi na Mhispania: faida ya duka na faida ya kusoma ni neno moja.

Mtego mkubwa kuliko yote umo katika namba. Kihispania kinasema “mil millones”, milioni elfu moja, kwa kile tunachokiita bilioni. “Billón” yao ni milioni mara milioni, ile tunayoiita trilioni. Waingereza nao zamani walihesabu kama Wahispania. Serikali yao iliamua kufuata hesabu ya Kimarekani katika takwimu zake mwaka 1974. Sisi tulilipokea neno bilioni kwa maana hiyo ya Kimarekani. Kwa hiyo anayetafsiri bajeti ya Colombia, ambayo huhesabiwa kwa “billones”, akaandika “billions” kwa kuwa maneno yanafanana, ameipunguza nchi nzima mara elfu moja. Ongeza hapo alama za uandishi: Mkolombia huandika 1.250 akimaanisha elfu moja mia mbili na hamsini, na nukta hiyohiyo kwa Mwingereza humaanisha moja na robo. Hakuna sarufi iliyovunjwa wala neno lililoendelezwa vibaya, lakini fedha zimepotea.

Sisemi haya ili kumcheka Mhispania. Lugha yake ina utajiri ambao Kiingereza cha kila siku hakina. Sheria zao za madai hutenganisha mikopo ya aina mbili: “comodato”, ambapo mtu huchukua kitu akitumie na kukirudisha kilekile, na “mutuo”, ambapo huchukua kitu kinachotumika na kuisha, kama fedha au nafaka, akarudisha kingine cha kiasi hicho. Mwingereza wa kawaida hutumia “borrow” kwa vyote viwili. Nilipomsikia kijana akinieleza tofauti hiyo ya kisheria kwa fahari, nilimwambia kwamba bibi yangu asiyejua kusoma aliijua. Jembe huazimwa, shilingi hukopwa. Ukiazima jembe unarudisha jembe lile. Ukikopa shilingi, noti zile zimeshakwenda sokoni, unarudisha nyingine. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akaandika maneno yale mawili katika daftari lake, “comodato” kando ya kuazima na “mutuo” kando ya kukopa. Tangu hapo hakuyasahau, wala hakukosea tena kueleza nani amempa nani, kwa kuwa kukopa na kukopesha vinatofautiana kwa kauli tu na sikio linaisikia.

Nami sina budi kukiri kosa langu, kwa sababu mwalimu anayesimulia makosa ya wanafunzi peke yake si mkweli. Nilifundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule za sekondari miaka mingi. Siku moja mwalimu mwenzangu alinijia na fomu ya mkopo iliyoandikwa kwa Kiingereza. “Ndugu yangu, naomba uwe mdhamini wangu,” akasema. Kwenye fomu niliona neno “guarantor”. Nililijua. Ningeulizwa darasani ningelitafsiri bila kusita: mdhamini. Nikatia sahihi.

Lakini kichwani mwangu mdhamini alikuwa yule tunayemwandika tunapoomba kazi, mtu wa kusema kwamba mwombaji ana tabia njema. Kiswahili chetu kimembebesha mdhamini mizigo mingi. Anayemshuhudia mwombaji kazi ni mdhamini, anayefadhili mashindano ya mpira ni mdhamini, anayemtoa mtu rumande ni mdhamini, anayetunza mali ya msikiti au kanisa kwa niaba ya waumini ni mdhamini, na anayelipa deni mkopaji akishindwa ni mdhamini pia. Mwenzangu alihamishwa, kisha akaacha kazi. Miezi kumi na minne nilikatwa mshahara. Sikudanganywa na mtu. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi, na uelewa wangu haukuwapo.

Mkolombia yule, nilipomsimulia, aliniambia kwamba kwao asingeingia katika shimo hilo, kwa kuwa “fiador” ni mmoja tu, na mfadhili na mtunza mali wana majina yao. Hapo yeye ndiye aliyekuwa salama, nami ndiye niliyepotezwa na lugha yangu mwenyewe. Kila lugha ina shimo lake, na halipo mahali pamoja na la jirani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Vitabu vya kufundishia msamiati wa fedha kwa kupanga safu mbili, neno la Kiingereza kushoto na la mwanafunzi kulia, vinamwacha mwanafunzi nusu ya njia. Inahitajika safu ya tatu: neno linalofanana lakini silo. Kando ya “rent” Mhispania aonywe juu ya “renta”. Kando ya “billion” aandikiwe sifuri tisa kwa tarakimu, zisiachwe kwa neno. Na kila neno lifundishwe ndani ya karatasi halisi, risiti, mkataba au fomu, kwa maswali ambayo hata mtoto wa duka anayaelewa: fedha zinatoka kwa nani, zinakwenda kwa nani, zitarudi lini, na zisiporudi nani atalia?

Kitabu cha namna hiyo hakiwezi kunakiliwa kutoka lugha moja hadi nyingine. Mhispania hahitaji kuonywa juu ya mdhamini, nasi hatuhitaji kuonywa juu ya “utilidad”. Kitabu chetu lazima kianzie katika Kiswahili, mahali ambapo Kiswahili kinamulika, kama kukopa na kuazima, na mahali ambapo kina kivuli, kama kodi na mdhamini. Wachumi hawatakiandika peke yao, maana wao wameshazoea Kiingereza kiasi cha kutoliona shimo. Kazi hiyo inawahitaji watu wenye mazoea ya kuligeuza neno moja mara kumi kabla ya kuliweka mahali pake. Yaani nyinyi malenga.

Najua wengine watasema mambo ya riba na rehani si ya washairi. Nawakumbusha tu kwamba diwani lilikuwa daftari la hesabu kabla halijawa kitabu cha mashairi. Nawaachia ubeti mmoja wa kizee:

Maneno yakifanana, polepole kuyashika,
Uliza kwanza maana, ndipo upate andika,
Deni halina ungwana, siku yake hukufika,
Taa ni lugha ya nina, gizani hutumulika.

Wasalaam.