Hata Wakala wa Kidijitali Asipewe PIN

Mkulima wa ndengu Matinyani hahitaji kusomea kompyuta ndio apate wakala wa kidijitali, yaani programu ya kumfanyia kazi ndogondogo. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, watu walijifunza kutuma pesa kwa kubonyeza namba tu. Leo unaweza kuagiza programu kwa maneno ya kawaida: "Kila Ijumaa soma orodha ya michango ya chama, uniambie nani hajalipa."

Kwetu sisi, agizo zuri husema mambo matatu: kazi gani, lini, na mwisho wake wapi. Hilo la tatu ndilo husahaulika. Wakala wa dukani humpi PIN yako, hata akiwa jirani wa miaka mingi. Basi huyu wa kwenye simu naye asipewe. Mwache asome, ahesabu, akukumbushe. Kutuma pesa, bonyeza mwenyewe ukishaona jina la mpokeaji.

Mwanzoni, linganisheni hesabu yake na daftari la mweka hazina. Zikipishana, msitume kitu hadi mjue kosa liko wapi. Akikosea kukumbusha, mtacheka yaishe. Akituma michango ya mwezi mzima kwa namba isiyofaa, chama kinaweza kuvunjika.