Feri Izaliwe na Pacha Wake

Najua wengi wetu katika gazeti hili hupenda kuandika juu ya mapenzi na dawa za kulevya. Mimi leo nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho wanafunzi wengi wa shule hii hukipanda kila siku, asubuhi na jioni: feri ya Likoni.

Maoni yangu ni haya. Feri nyengine ikiundwa kwa ajili yetu, isije peke yake. Ije na pacha wake, na pacha huyo aanze kuundwa siku ile ile ambayo chuma cha kwanza kinakatwa. Utaniuliza, "Ati feri nayo huwa na pacha?" Naam, huwa naye. Pacha huyu hukaa ndani ya tarakilishi. Si picha wala mchoro tu. Ni feri kamili ya hesabu: uzito wa kila bamba, nguvu za injini, urefu wa mlango. Kisha feri ya kweli hufungwa vihisi, yaani vidude vya kupima joto la injini, mtetemo, shinikizo la mafuta na kina ambacho chombo kimezama kila pembe. Vipimo hivyo humfikia pacha kila wakati. Pacha akiona injini ina joto lisilolingana na hesabu zake, hupiga kelele kabla injini haijazima katikati ya mlango wa bahari.

Fikra hii ina historia. Mwezi wa Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipasuka ndani ya chombo cha Marekani, Apollo 13, kikiwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani. Wahandisi wa Houston walikuwa na mifano ya chombo hicho hapa ardhini. Hatua nyingi ngumu walizijaribu kwanza kwenye mfano, ndipo wakawaelekeza wale watu watatu huko juu. Wote watatu walirudi salama. Mwaka 2002, Michael Grieves wa Marekani alieleza wazo la kila bidhaa kuwa na mwenzake ndani ya tarakilishi, tangu kuundwa hadi kutupwa. Leo injini za ndege hulindwa kwa njia hiyo.

Kwa nini basi nasema wazaliwe pamoja? Kwa sababu pacha wa baadaye ni sawa na kumtafutia mzee wa miaka themanini cheti cha kuzaliwa. Utabahatisha tu. Chombo kishachakaa, kimetiwa viraka, na waliokiunda hawapo. Aidha, pacha akiwepo mapema, makosa husahihishwa kwenye tarakilishi, ambako kosa haliui mtu. Unampakia magari mia, unamsukuma kwa mkondo wa maji ya Kilindini, unaona atalala upande gani.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, jamani. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imepakia kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Sisi hatukuwa tumezaliwa, lakini wazee wetu hawajasahau. Kidato cha pili tulisoma kwamba kitovu cha uzito kikipanda juu, kitu hupinduka upesi. Pacha angeifanya hesabu hiyo abiria wakiwa bado wanaingia. Tena tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka MV Harambee, feri iliyokuwa ikifanya kazi tangu 1990. Mama na binti yake mdogo walizama, na wapiga mbizi walitafuta kwa karibu wiki mbili. Watu wengi waliuliza juu ya milango ya feri zetu. Pacha angekuwa na jibu: mlango umeinuliwa mara ngapi, na lini ulianza kuwa mzito.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza watasema mafundi wetu wa majahazi hawakuhitaji tarakilishi. Ni kweli, na nawavulia kofia. Fundi huweka mkuku na kupanga mataruma bila karatasi, kwa sababu jahazi zima limo kichwani mwake. Lakini fundi akifa huzikwa nalo. Mtepe, chombo chetu kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, umebaki mifano katika majumba ya makumbusho. Kichwa cha fundi kilikuwa pacha, ila hakikuwekewa akiba.

Wa pili watasema pesa hakuna. Mimi nawauliza, kuzamua chombo na kuzika watu ni bure?

Wa tatu watasema pacha hudanganya. Hao nawaunga mkono kidogo. Kihisi kibovu hutoa hesabu mbovu, na tarakilishi haiwezi kufunga lango watu wakisukumana. Kwa hiyo nahodha apewe idhini: pacha akisema basi, feri haiondoki, hata bosi apige simu. Na vijana wa Pwani wafundishwe kumsoma pacha huyo hapa hapa Mombasa, tusingoje mtaalamu wa kupanda ndege. MV Likoni na MV Kwale zilitoka Ujerumani mwaka 2010, MV Jambo ikatoka Uturuki mwaka 2017. Chuma kikitoka mbali si neno, lakini ujuzi wa kukitunza ukae nyumbani.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Wanaoagiza vyombo vyetu waandike sharti moja tu katika mkataba: hatupokei feri bila pacha wake. Nanyi wenzangu mnaokimbia somo la fizikia, hebu rudini darasani. Pacha huyo atahitaji walezi.