Nyumba Njema Si Mlango



Juma hili tumerejea kutoka Kisii na Nyamira, tulikokwenda kumjulia hali binti yetu aliyeolewa huko. Ni nchi ya vilima, migomba na majani chai, ambako shamba la babu limegawanywa kwa wana na wajukuu hata likawa vipande vidogo. Juu ya vipande hivyo tuliona majumba ya ghorofa yenye nguzo nene na vigae vya kumetameta, na madirisha yamefungwa. Tulipouliza wenyewe wako wapi, tuliambiwa: huyu yuko Nairobi, yule yuko Marekani, huja mwezi wa Disemba. Katika jumba moja, mama mzee alikuwa akilala katika nyumba yake ya zamani kule uani, kwa kuwa kule kwingine, alisema, hana wa kuzungumza naye.

Hatuwacheki ndugu zetu wa bara. Kwao, mwanamume asiye na nyumba kwao huonekana hana asili, na sisi wa Pwani tunazo nyumba zetu zilizosimama nusu, na chuma zimeota kutu.

Tulimkumbuka Ludwig wa Pili, mfalme wa Bavaria huko Ujerumani, aliyetawala tangu mwaka 1864. Mwaka 1869 alianza kujenga kasri la Neuschwanstein juu ya jabali, kisha akaongeza Linderhof na Herrenchiemsee. Katika Linderhof alitengenezewa meza ya kushuka jikoni kupitia sakafuni na kupanda tena imeandaliwa, ili ale peke yake bila kumwona hata mtumishi. Alikopa hadi madeni yakamzidi, na alipokatazwa alitafuta wa kumkopesha zaidi. Juni 1886 mawaziri wake walimtangaza kuwa hana akili timamu na kumwondoa; siku chache baadaye alikutwa amekufa ziwani. Neuschwanstein, aliloligharimia ujana wake, alikuwa amelala humo siku zisizotimia mia mbili.

Zama hizohizo, Unguja ilikuwa na Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888. Naye alipenda kujenga. Kasri lake la Maruhubi liliungua mwaka 1899, zikabaki nguzo. Beit al-Ajaib, aliyoijenga mwaka 1883, iliporomoka kwa sehemu Disemba 2020. Lakini Barghash alifanya jambo jingine: aliyaleta maji ya chemchemi kwa mfereji hadi mjini, na mama wa Unguja akajaza mtungi wake karibu na mlango. Jumba humstarehesha aliye ndani. Maji humfikia hata asiyealikwa.

Katika Surat Ash-Shu'araa, Nabii Hud (a.s.) anawaonya kina Adi, waliojenga mahali pa juu kwa upuuzi, wakajitengenezea majumba kana kwamba wataishi milele. Makemeo hayo hayakuwa juu ya paa la kuwasitiri watoto. Sitara ni haki ya mke na wana, na ni neema.

Basi mume na mke wakae pamoja kabla ya tofali la kwanza. Waulizane: nani atalala katika vyumba hivi? Karo ya watoto imetengwa? Fedha ni zetu, au ni za mkopo wa riba utakaotunyima usingizi? Na mama yetu mzee, anataka ghorofa, au anataka tufike mara nyingi zaidi? Mke asione haya kuuliza, wala mume asichukulie swali kuwa dharau. Kushauriana ni sunna.

Yule mama wa Nyamira alitukaribisha chai mbele ya mlango wake mfupi. Tulikaa hadi alasiri, na jirani walikuja mmoja mmoja, kila mtu na kigoda chake. Kule mbele, ghorofa ilibaki na kufuli.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye watu, rehema na utulivu. Amin.