Tusiwalemaze Wagonjwa Wetu kwa Huruma

Katika vijiji vyetu vya Upareni, kuanzia Ugweno na Usangi hadi Chome, Mbaga na Gonja, si ajabu kumkuta mtu ambaye goti lake halinyooki au vidole vyake vimejikunja visifunguke. Wengine husema amerogwa. Wengine husema ni uzee tu. Mimi naona sehemu kubwa ya ulemavu huu huingia polepole, nyumbani, mbele ya macho yetu, na mara nyingi kwa sababu ya huruma yetu wenyewe.

Misuli, kano na utando unaozunguka kiungo huhitaji kunyooshwa kila siku. Kiungo kikikaa kimekunjwa, nyama hizo hufupika na kukakamaa. Mabadiliko huanza baada ya siku chache tu. Miezi ikipita, mazoezi peke yake huenda yasitoshe tena, ikabidi mgonjwa afungwe plasta au apasuliwe.

Walio hatarini ni wenye kiharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo, wenye baridi yabisi, waliovunjika mifupa, wenye ukoma, na hasa walioungua. Huku milimani kuna baridi, na watoto hupenda kukaa karibu na mafiga. Mtoto akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake mafuta, mayai wala dawa ya meno. Kisha mpeleke zahanati. Tena kumbukeni: kovu huendelea kuvuta kwa miezi mingi hata baada ya kidonda kufunga.

Hapa ndipo huruma inapotupoteza. Bibi analalamika goti, tunamwekea mto chini ya goti, na mto unabaki pale mwezi mzima. Mtoto aliyeungua kwapani tunamwacha abane mkono ubavuni kwa kuwa akiunyanyua analia. Lakini mkao unaompunguzia maumivu leo ndio utakaomlemaza kesho.

Basi tufanye nini? Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2. Goti lilale limenyooka. Aliyeungua shingoni asiwekewe mto kichwani. Kila kiungo kikunjwe na kunyooshwa polepole mara 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Ukifika mwisho wa kunyooka, shikilia hapo huku ukihesabu hadi 30. Usitumie nguvu wala kushtua, kwani mifupa ya mtu aliyelala muda mrefu huvunjika upesi. Kiungo kikiwa kimevimba na kina joto, au mfupa umevunjika, mwone mganga kwanza.

Mtoto aliyezaliwa na miguu kifundo apelekwe hospitali katika wiki zake za kwanza. Kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti, mguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kisha mtoto huvaa viatu maalum, baadaye usiku tu, hadi afikishe miaka 4 hivi. Wazazi wakiviacha viatu hivyo mapema, mguu hurudi kupinda.

Kwa walioathirika zaidi ipo Hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo hapo kuna chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kunyooshea viungo. Lakini kutoka Same hadi Moshi ni kilomita zipatazo 100, na anayetoka milimani hutangulia kuteremka. Hakuna mgonjwa atakayefunga safari hiyo kila asubuhi. Mtaalamu anaweza kutuonyesha zoezi. Kulifanya kila siku ni kazi yetu wa nyumbani.

Kazi hiyo tumemwachia mama peke yake, naye ana shamba, kuni na maji. Si haki. Baba anaweza kunyoosha mkono wa mwanae kabla ya kutoka. Kijana anaweza kumgeuza babu yake. Jumuiya ndogondogo zinazokwenda kumwona mgonjwa na kumpelekea sukari zijifunze zoezi moja kutoka kwa mganga wa zahanati, na kupangiana zamu. Sukari huisha kwa wiki moja, lakini mkono ulionyooshwa utashika jembe miaka mingi.